Mama Yuko Darasani

28 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tumezoea kupigiana kelele. Na ile ya juzi mtandao haukukatika, nilikata mimi. Nisamehe. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Sisi hatujambo. Mkweo ndiye fundi umeme wa kiwanda kizima, na taa ya jikoni kwetu ina wiki ya tatu haiwaki. Mganga hajigangi. Mimi bado niko kwenye ukaguzi. Chupa zinapita mbele ya kioo chenye taa, natoa zenye ufa na zenye mapovu, zinarudi kuyeyushwa. Msimamizi wetu hatuiti watu, anatuita mikono. “Mstari wa pili leo nina mikono kumi na minne.” Tuko saba.

Sasa lililonifanya ninunue bahasha. Nina mimba, Mama. Miezi miwili. Daktari anasema mwisho wa Novemba. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, dada sina, na jirani yangu hata mchicha unamshinda kulea. Naomba uje Novemba, ukae nami mpaka nipate nguvu. Ndilo nililotaka kukuambia siku ile kabla hatujaanza kubishana habari za dawa ya presha yako.

Unameza, lakini?

Mwanao,
Kifungo

17 Mei

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Nameza. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda kumwambia fundi viatu ingawa hakuniuliza. Hongera, mama. Kula hata kama hutamani. Usiinue makreti. Mwambie mkwe wangu taa ya jikoni iwake kabla sijamtumia salamu nyingine.

Huku ni mzima. Cherehani imebadilishwa mkanda. Paa la upande wa choo limezibwa na sasa linavuja upande wa pili.

Kuhusu Novemba, mwanangu, sitaweza. Desemba nakuja, tena mapema. Novemba nina jambo. Usiniulize jambo gani, na usidhani ni ugonjwa au bwana, maana nakujua unavyofikiri.

Nina swali nataka unisaidie. Wewe ni nani? Lijibu bila kutaja jina, wala kazi, wala wewe ni mtoto wa nani au mke wa nani. Mimi nilipewa karatasi nikakaa nayo dakika arobaini, nikairudisha nyeupe kama ilivyokuja.

Mama yako

6 Juni

Mama,

Shikamoo. Desemba mtoto atakuwa keshajifunza kunitukana.

Mkweo anakusalimu. Taa imewaka. Tumbo limeanza kuonekana kidogo na msimamizi ameanza kuniangalia kama chupa anayoishuku.

Swali lako nililipeleka kazini wakati wa chai. Nikiondoa jina, kazi na ukoo, nilichopata ni mtu mwenye kichefuchefu. Mwenzangu wa mstari wa pili akasema, “Mama yako kaingia dini gani?” Nikacheka. Halafu jioni akanipigia mke wa fundi viatu.

Alianza mbali sana. Hali ya hewa, bei ya mafuta, mguu wake. Mwishowe akasema amekuona asubuhi tatu mfululizo unapita mbele ya duka lao na sketi ya bluu, soksi nyeupe na mkoba mgongoni. Kwa upole kabisa akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Mama, unavaa sare ya shule?

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Salamu, na umwambie mke wa fundi viatu kwamba nimemsamehe, ila viatu vyangu sasa nitavipeleka kwingine.

Ndiyo, navaa. Tangu Januari ya mwaka jana. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa taifa unaanza tarehe tatu Novemba.

Miaka ishirini nimewashonea watoto wa shule ile. Najua mabega ya wote, najua nani ananenepa na nani anaficha barua kwenye pindo. Halafu siku moja wakatangaza wanapokea watu wazima wasome darasa moja na watoto, na mimi nikajikuta nimekata kitambaa ambacho hakikuwa na mwenyewe. Nikajipima. Kwenye kiuno nilidanganya kidogo. Nimeketi dawati la tatu na binti wanayemwita Kasuku, ananiazima rula na kunieleza hesabu kwa huruma kama mjukuu. Darasa linaniita Mama Mkubwa. Wiki ya kwanza walikuwa wakisimama nikiingia. Wiki ya pili wakaanza kunakili majibu yangu ya historia.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utacheka. Au hutacheka, utanyamaza, na kimya chako nakiogopa zaidi.

Somo linaloninyima usingizi ni falsafa. Limeandikwa kwenye ratiba “Falsafa ya Mtu”. Mwalimu ni kijana mwembamba, ukimwambia mvua imenyesha anauliza kwa nini, ndiyo maana watoto wamembatiza Mwalimu Kwa Nini. Juzi aliandika ubaoni: mtu ni watu. Sote tukaitikia, maana methali hiyo tumeinyonya. Akasema, “Haya. Kama mtu ni watu, wakiondoka watu, anabaki nani?”

Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, “Mwalimu, mimi wameondoka. Mume amefariki, mtoto yuko mbali. Nimebaki mimi na cherehani.” Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, “Na huyo ‘mimi’ uliyebaki naye, mnaelewana?”

Mwanangu, nimetembea na swali hilo mpaka leo. Nilikuwa binti wa mtu, kisha mke wa mtu, kisha mama wa mtu. Huyu wa bila mtu sijawahi kukaa naye chumba kimoja.

Siku nyingine akatufundisha tofauti ya mtu na kitu. Kitu kina matumizi, yakiisha unakitupa. Nikakumbuka chupa zako, na ile mikono kumi na minne. Mwambie msimamizi wako Mwalimu Kwa Nini anamsubiri.

Uniandikie upesi. Unalalia ubavu gani?

Mama yako, wa dawati la tatu

4 Septemba

Mama,

Shikamoo. Najua ni miezi miwili na zaidi. Barua yako ilifika mapema tu. Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, kila nikitoa sahani inaniangalia.

Tumbo ni kubwa. Nalalia ubavu wa kushoto. Mkweo ametengeneza kitanda cha mtoto kwa mbao za makreti, kimeandikwa TAHADHARI, HUVUNJIKA ubavuni na amekataa kupafuta.

Sikucheka, Mama. Nilinyamaza, kama ulivyosema. Nikuambie kwa nini, kisha uitupe barua ukitaka.

Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa chini ya meza ya cherehani naokota vifungo. Bibi alikuja, akakaa, akakuambia: “Ungekuwa na vyeti vyako leo. Lakini ndiyo hivyo. Kifungo chako hicho kinacheza chini ya meza.” Akacheka kwa pua. Nilikungoja umjibu. Hukusema kitu. Cherehani ikaendelea.

Tangu siku ile, kila ukiniita Kifungo nasikia jela. Nilipopata kazi mbali nilifurahi, nikajiambia sasa umefunguliwa. Na nilipokuomba uje Novemba niliona aibu, kana kwamba nakurudisha ndani. Halafu nakuta kumbe kweli ulikuwa umefungwa, na mara tu nilipoondoka ukakimbilia shule. Basi Bibi alisema kweli?

Sikuulizi ili unibembeleze. Mwalimu wako anapenda maswali, mpelekee na hili.

Mwanao

12 Septemba

Mwanangu,

Sitamsalimu mtu leo, salamu zitakuja nyuma.

Barua imefika asubuhi na sikwenda shule. Ni mara ya kwanza kukosa. Kasuku alikuja kunigongea, nikamwambia nina mafua.

Swali lako silipeleki kwa mwalimu yeyote. Ni langu.

Nilikuita Kifungo kwa sababu ulizaliwa mdogo, duara, na macho mawili kama matundu ya uzi. Hakukuwa na maana nyingine. Bibi yako ndiye aliyeigeuza, ulimi wake ulikuwa mkasi, Mungu amrehemu. Lakini unaniuliza kwa nini sikumjibu. Ningeweza kukuambia sikusikia. Nilisikia. Nilinyamaza kwa sababu siku ile nusu yangu ilikubaliana naye. Nilikuwa nimechoka, nimeshona sare thelathini za watoto wa wenzangu niliosoma nao. Hukupaswa kuwa chini ya meza ile. Nisamehe kwa kimya kile, maana kumbe kilikuwa kinakua na wewe.

Sasa sikiliza ambalo hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa hujazaliwa, na baadaye hujajua kusikia.

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kufanya mtihani, nina mimba yako. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliniita ofisini, akafungua daftari la majina, akaweka rula chini ya jina langu na kulifuta kwa kalamu nyekundu. Alifuta kwa unadhifu sana. Nyumbani babu yako akakaa na wazee wa upande wa baba yako, wakamaliza mambo ya ndoa kabla chai haijapoa. Baba yako alikuwa mtu mwema na nilimpenda baadaye, lakini siku ile hakuna aliyeniuliza. Hao ndio walionifunga, nawajua kwa majina. Wewe hukuwemo kwenye kikao.

Ulipotimiza miezi mitano, bibi yako huyohuyo alikuja na shauri. Nimwachie yeye mtoto, mimi nikasome mbali kwa shangazi, nirudi baada ya miaka miwili. Babu alikubali. Baba yako alikubali. Kwa mara ya kwanza waligeuka wote wakaniangalia, wakasema, “Wewe unasemaje?”

Nikasema hapana. Nilikushika nikasema huyu haendi kwa mtu. Hakuna aliyenisukuma. Nililia shule miaka mingi, hilo sikufichi, nikipita mbele ya lile geti nilikuwa navuka barabara. Lakini kukesha nawe ukiota meno, kukufundisha kusoma kwa lebo za nguo, hayo niliyachagua mwenyewe kwa kinywa changu. Kwenye maisha yangu ya usichana ndilo jambo pekee lenye sahihi yangu.

Mwezi uliopita Kasuku alisema darasani kwamba mtu huru ni yule asiye na mtoto wala mzazi wala bosi. Kisha akaniangalia, akataka kuyameza maneno yake. Nikamwambia, binti, mtu huyo si huru, huyo amesahauliwa.

Basi Novemba. Nimefikiri. Mtihani utakuwepo na mwaka ujao. Ukinihitaji nitakuja, na sitakulaumu hata siku moja. Ninachokuomba ni kimoja: uniambie ukweli wa hali yako, kama ulivyo, ili niamue.

Nisalimie sana mkwe wangu. Pale kitandani asipafute.

Mama yako

20 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na asante. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka mikunjo imechanika.

Huku kwema kabisa. Wamenipa likizo mapema kidogo, wameona vyema tu nipumzike. Nakaa kwenye kiti naangalia watu dirishani kama mkubwa fulani. Nakula vizuri. Mtoto anacheza.

Usije Novemba. Nimesema kwa moyo mweupe. Mkweo yupo, na jirani amejitolea, inaonekana mchicha ulimshinda kwa bahati mbaya tu. Fanya mtihani wako. Uandike kwa mwandiko mzuri. Desemba utanikuta.

Kifungo wako

24 Novemba

Binti yangu,

Nimemaliza mtihani wa mwisho Ijumaa saa sita mchana. Saa saba mkwe wangu akanipigia simu, sauti yake imepasuka, akaniambia hawezi tena kuficha.

Kwamba likizo haikuwa ya kupumzika, presha ilikuwa imepanda tangu mwanzo wa Oktoba na miguu imevimba haiingii kiatuni. Kwamba mjukuu wangu alizaliwa tarehe sita kwa kupasuliwa, wiki tatu kabla ya siku zake. Kwamba damu haikukatika, na kwa siku mbili hukujitambua. Kwamba kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji ulimshika mkono ukamwapisha: Mama asiambiwe mpaka amalize.

Namshukuru Mungu mko hai. Nimepiga magoti hapa chini ya meza ya cherehani, nikalia mpaka nikaishiwa. Nimeinuka sasa, na nina hasira.

Unajua tarehe saba nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye mtihani wa falsafa. Swali la kwanza: “Je, mtu anaweza kuwa huru na bado akawa na wajibu kwa wengine? Jadili.” Nikajadili kurasa nne. Nikaandika kwamba nilichagua, kwamba nachagua, kwamba nimeachiwa na mwanangu nichague tena. Kumbe naandika hayo, wewe umelala hujijui, na lililokuwa langu kuamua limeshaamuliwa. Kikao kingine, chai nyingine, na mimi siko chumbani.

Usiniambie ulifanya kwa upendo. Na baba yangu alifanya kwa upendo.

Pengine ungeniambia nisingekuja. Pengine ningekuja. Sijui, na sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuomba kitu kimoja tu.

Nitaandika nikipoa.

Mama

5 Desemba

Mama,

Shikamoo. Naandika nimelala, mwandiko uvumilie. Mtoto ni wa kike. Analia kama king'ora cha kiwandani, na mkweo akimsikia anaruka kutafuta kofia yake ya kazi.

Umesema kweli. Nilijiambia nakulinda. Lakini nikichimba chini nakuta kitu kingine: nilitaka kulipa. Nilitaka kwa mara moja niwe ndiye sababu ya wewe kusoma. Nikakufanyia hesabu zangu bila kukuuliza, nikakugeuza kitu cha kutulizia dhamiri yangu. Nisamehe, Mama. Sitarudia, hata kama ukweli utakuwa mchungu, hata kama utakukosesha jambo kubwa zaidi ya hili.

Nataka nikusimulie kitu, si kwa kujitetea.

Zile siku mbili mimi sizikumbuki. Nimehadithiwa na mkweo. Anasema nilikuwa nimelala tu, mipira puani, siitiki, sifumbui jicho. Kulikuwa na muuguzi wa zamu ya mchana, mama mnene mwenye kikohozi. Kila akiingia alikuwa ananisalimia. “Habari za mchana, mama. Nimekuja kukugeuza ubavu. Mikono yangu ina baridi, unisamehe.” Ananigeuza, ananifuta uso, ananieleza mtoto amekunywa kiasi gani. Mkweo akamwambia, “Hakusikii.” Akajibu, “Najua. Lakini yupo.”

Siku zile sikuwa na kazi, Mama. Sikuwa mkaguzi, sikuweza kunyonyesha, sikuweza kuwa mke wala mtoto wa mtu. Jina langu sikulijua. Na bado kuna mtu aliniomba radhi kwa mikono ya baridi. Nadhani pale ndipo lilipo jibu la swali ulilonitumia Mei, ila kulieleza siwezi. Labda ukija.

Kama utakuja. Nimekuambia hali yangu yote: mshono unauma, bado napungukiwa damu, nalia bila sababu saa za jioni, mtoto ni mzima. Uamuzi ni wako.

Mwanao

12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote watatu.

Nimepoa. Nilipopoa nikakumbuka kwamba na mimi nilikuficha shule mwaka mzima na nusu, eti nisikusumbue. Kwa hiyo kabla sijakunyooshea kidole nimelazimika kukitazama kwanza. Mimi na wewe ni watu wa kuficha. Tabia hii tumeirithi, na mtoto huyo nisingependa airithi.

Habari ya yule muuguzi niliipeleka kwa Mwalimu Kwa Nini. Nilimkuta anafunga ofisi kwa ajili ya likizo. Nilimsomea kipande kile, amesimama, funguo mkononi. Nikangoja aniulize kwa nini. Hakuuliza. Alikaa kwenye ngazi, akasema, “Mama Mkubwa, nimelifundisha hilo miaka minne na sijawahi kulisema vizuri namna hiyo.” Akaomba anakili maneno. Nikamwambia aombe kwa mwenyewe.

Matokeo yatatoka yakitoka. Nikifaulu nataka kusoma ualimu. Nikifeli nitarudia, sketi bado inanitosha.

Nimepima kila kitu. Nina sare arobaini za Januari sijazikata. Nina paa. Nina presha yangu na wewe una yako. Hakuna aliyeniamuru wala kunibembeleza, na mke wa fundi viatu ameshasema kwamba bibi wa kweli angekuwa amefika zamani, kwa hiyo hata yeye sijamsikiliza. Nakuja. Nimekata tiketi ya kwenda na ya kurudi. Wiki sita, kisha narudi kwenye mambo yangu, na siku ya kuondoka ukilia nitalia na wewe, lakini nitapanda gari.

Nafika Jumamosi ya wiki ijayo, mchana. Usije stendi na mshono huo, wala usimtume mkweo aache kazi. Usinipikie. Usifagie. Usiniwekee shuka mpya. Acha mlango wazi tu, unipe mtoto, ulale.

Mama yako